Kihoro Mbele ya Hakimu

Kutoka Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, hadi mahakama za Mombasa ni mwendo wa miguu tu, lakini aliyefiwa akienda mwendo huo hutoka kwenye vipimo vya aina moja na kuingia kwenye vya aina nyingine kabisa. Katika Mji wa Kale msiba una hesabu yake. Mikeka hutandikwa, wanaume hukaa barazani na wanawake ndani, kisomo husomwa, na hitima ikishasomwa matanga huanuliwa. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Jamaa wengine hawatakiwi kuendeleza maombolezo kupita siku tatu. Ubani hutolewa kimyakimya, kila mtu kwa kadiri ya ukaribu wake na uwezo wake. Hakuna anayedhani kwamba siku hizo ndizo uzani kamili wa majonzi, wala kwamba ubani ni bei ya maiti. Hata hivyo watu wa mtaa huu wamekubaliana tangu zamani kwamba kihoro kinaweza kupewa daraja, muda na haki zake. Mtu huyohuyo akienda mahakamani kumdai dereva, kampuni au taasisi ya umma ambayo uzembe wake umemuulia mtoto, ataambiwa kwamba gharama za mazishi zinalipika, kipato ambacho mtoto angeleta nyumbani kinakadirika, na maumivu ya marehemu kabla ya kukata roho yana kiasi chake. Kihoro cha mzazi aliyebaki hakimo katika orodha.

Orodha hiyo inatokana na sheria mbili tulizorithi kwa Waingereza. Sura 26 ya Sheria za Kenya huiruhusu mirathi ya marehemu kudai kile ambacho yeye mwenyewe angedai lau angeishi, yakiwemo maumivu yake na kupunguzwa kwa umri wake. Kwa hicho cha pili mahakama zimezoea kutoa shilingi 100,000, kiasi kinachorudiwa hukumu baada ya hukumu bila maelezo mengi. Sura 32, inayohusu vifo vya ajali, huwapa mume, mke, wazazi na watoto haki ya kudai riziki iliyokatika. Hapo ndipo sheria inapomlazimisha mzazi kusema lugha isiyo yake. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mzazi wa mtoto aliyeuawa anaweza kulipwa hata kama mtoto hakuwa amefika umri wa kufanya kazi, kwa sababu katika jamii zetu, za Kiafrika na za Kiasia, wazazi hutarajia kusaidiwa na wanao uzeeni. Uamuzi ule ulikuwa wa huruma, na umewafaa wengi. Lakini tazama kilichofanyika: ili mama apate chochote kwa mwanawe wa miaka sita, mahakama ilibidi imgeuze mtoto kuwa akiba ya uzeeni. Machozi yake yamelipwa kwa jina la mshahara ambao haujawahi kuwapo. Waingereza waliotuachia utaratibu huo waliuona upungufu wake, na kuanzia miaka ya 1980 sheria yao ikaweka fidia ya msiba yenyewe, kiasi kimoja maalumu, pauni 3,500 wakati ule na pauni 15,120 kuanzia 2020. Sisi tulibaki na nguo waliyokwisha kuivua.

Hofu ya sheria mbele ya moyo wa mtu ina umri mrefu kuliko Kenya yenyewe. Mwaka 1888 Baraza la Kifalme mjini London lilikataa dai lililotoka Australia la mwanamke aliyevushwa reli na mlinzi mzembe wa kivuko, treni ikampita chupuchupu, akaanguka kwa mshtuko na mimba ikaharibika. Treni haikumgusa, kwa hiyo dhara lake lilionekana liko mbali mno na kosa. Mwaka 1897, kule Uingereza, mwanamume mmoja alimwambia mke wa mtu kwa mzaha kwamba mumewe amevunjika miguu katika ajali. Mama yule akaugua sana, na mahakama ikampa pauni 100. Mwaka huo una maana kwetu, kwa kuwa Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura 8, inataja tarehe 12 Agosti 1897 kuwa siku ya kukadiria sheria ya Kiingereza tuliyoipokea. Tulipokea, basi, mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa kidogo, yote katika kifurushi kimoja. Majaji wa Uingereza waliupanua ufa huo polepole, kisha wakajenga ua mpya. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, ambako mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha, Baraza la Mabwana liliamua mwaka 1991 kwamba aliyeumia kwa kuona wengine wakifa hulipwa tu akiwa na mapenzi ya karibu na aliyekufa, akiwa alikuwapo mahali pale au alifika papo hapo, na akiwa aliona kwa macho yake mwenyewe. Aliyetambua maiti ya shemeji yake mochari saa nane baadaye alihesabiwa amechelewa. Walioona kwenye televisheni hawakuhesabiwa.

Ua huo ukiuleta kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, unaanguka. Jioni ya Jumapili tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kutumbukia mkondoni. Ndani yake walikuwamo mama na binti yake wa miaka minne. Gari lilitolewa baharini baada ya siku 13. Picha za gari lile likizama zilizunguka katika simu za Mombasa nzima kabla ya jamaa wengi kujua ni la nani. Kwa vigezo vya Hillsborough, abiria waliokuwa kwenye feri wakitazama hawana haki, kwa sababu si jamaa. Jamaa waliopigiwa simu hawana haki, kwa sababu hawakuwapo. Aliyeona video hana haki, kwa sababu aliona kioo. Na siku 13 za kukaa ufukweni, ukisubiri wapiga mbizi waibuke, hazikuhesabika kamwe kuwa mshtuko, kwa kuwa mshtuko ulitakiwa uwe wa ghafla. Sharti hilo la ghafla Mahakama ya Juu ya Uingereza ililiondoa mnamo Januari 2024, lakini sharti la kuwapo kwenye ajali likabaki. Yeyote aliyewahi kukaa na wanaosubiri maiti kutoka majini anajua kwamba kusubiri ndiko kunakovunja mtu. Kesi za uzembe zinazoamuliwa kwa kuuliza nani alisimama wapi na aliona kwa chombo gani zinapima jiografia, na moyo zimeuacha nje.

Wanaotetea ukimya wa sheria huanza na hoja kwamba uchungu haupimiki. Methali yenyewe huletwa kuwa shahidi: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni hoja yenye heshima, lakini haielezi mahakama zetu zinavyofanya kazi. Zimekuwa zikipima moyo miaka yote, na kwa pishi zilizojaa, mradi mwenye moyo ana jina. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ilimpa Nicholas Biwott, waziri wa wakati ule, shilingi milioni 30 dhidi ya waandishi wa kitabu kilichomhusisha na mauaji ya waziri wa mambo ya nje, Dkt. Robert Ouko. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliongeza fidia ya Jaji Johnson Evan Gicheru kutoka shilingi milioni 2.25 hadi milioni 6 kwa yaliyoandikwa juu yake katika kitabu cha Andrew Morton kuhusu Rais Moi. Katika kesi za kashfa iliyochapishwa mdai haleti daktari. Haulizwi kama alikosa usingizi, kama aliacha kula, kama mkewe alimwona akilia. Sheria hudhani kwamba ameumia, kisha hutazama cheo chake na jinsi uvumi ulivyoenea, na kutoa kiasi. Fedheha ya mkubwa inajithibitisha yenyewe. Kihoro cha mama wa Kibokoni hakithibitiki hata kwa mashahidi kumi. Bunge nalo limekwenda mbali kuliko majaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 65, inasema wazi kwamba dhara linalofidiwa ni pamoja na fadhaa, hata pasipo hasara ya fedha. Kwa hiyo katika Kenya ya leo mtu ambaye picha yake imetumiwa kwenye tangazo bila idhini anaweza kudai fadhaa yake kwa jina lake, na mzazi aliyemzika mwanawe kwa uzembe wa mtu hawezi.

Vivyo hivyo katika kesi za Katiba. Mwanasiasa Koigi wa Wamwere, kwa mateso na kifungo alichopitia chini ya utawala wa chama kimoja, alipewa na Mahakama Kuu shilingi milioni 2.5, Mahakama ya Rufaa ikapandisha hadi milioni 12 mwaka 2015. Tarehe 10 Desemba 2020 Jaji Weldon Korir aliwapa manusura wanne wa ukatili wa kingono uliofuata uchaguzi wa 2007 shilingi milioni 4 kila mmoja. Sizitaji hukumu hizi kuzilaumu. Nazitaja kwa sababu zinathibitisha kwamba mizani ipo na inatumika. Kilichokosekana ni maelezo ya jinsi inavyosomwa. Kwa nini milioni 4 na si 7? Kwa nini karibu mara tano kati ya hukumu moja na rufani yake? Hakimu hutaja kesi mbili tatu za awali, hutaja kupanda kwa gharama za maisha, kisha tarakimu hutokea. Tofauti kati ya mdai aliyepata nyingi na aliyepata kidogo mara nyingi ni wakili gani aliziona kesi zipi. Kipimo kisichoandikwa humfaa anayeweza kulipia mtu wa kukifasiri.

Nini basi kipimwe? Kiswahili chenyewe kinatoa fununu, kwa sababu kimegawa huzuni kwa makini kuliko sheria. Kuna simanzi, inayokuja na kupita. Kuna majonzi ya kufiwa. Kuna jitimai, inayomkaa mtu rohoni na kumnyima raha kwa muda mrefu, na kuna kihoro, ambacho watu wa pwani husema mtu anaweza kufa nacho. Kuna fadhaa ya asiyejua la kufanya, na fedheha ya aliyevunjiwa heshima mbele za watu. Ukiangalia vizuri, mengi ya maneno haya hayapimi ukubwa wa maumivu ndani ya kifua. Yanaeleza maumivu yanamfanya nini mtu: yamekaa muda gani, yamemzuia nini, yamembadilisha vipi machoni pa wenzake. Hapo ndipo hakimu anapoweza kusimama kwa uhakika. Hawezi kuingia kifuani, na hakuna anayemtaka aingie. Anaweza kuuliza kama mama aliyekuwa akikaanga mahamri kila alfajiri na kuyauza amerudi jikoni, na baada ya miezi mingapi. Anaweza kuuliza kama baba anavuka tena kivuko cha Likoni au amehama kazi ili asikione. Kama watoto waliobaki wanaenda madrasa na shule. Kama ndoa imesimama. Haya ni mambo ya nje, yanaonekana, majirani wameyaona, na wakili wa upande wa pili anaweza kuyahoji.

Wengi watasema kazi hiyo ni ya daktari, na kweli elimu ya tiba imesogea. Athari za kiwewe zilipewa jina na vigezo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inatambua maombolezo yaliyorefuka kupita kiasi, yanayomlemaza mtu baada ya miezi sita, huku ikiwataka madaktari wazingatie desturi za jamii ya mgonjwa. Ushahidi wa aina hiyo unafaa sana. Ubaya huja pale cheti cha daktari kinapokuwa lango pekee. Tumeliona lango hilo likifungwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama zikiwamo, kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni. Wengine wapatao 40,000 walifungua madai yao, na mwaka 2018 Jaji Stewart wa Mahakama Kuu ya London aliamua, miongoni mwa mengine, kwamba hofu tupu isiyofikia ugonjwa unaotambulika si dhara la mwili la kumruhusu mdai aongezewe muda wa kudai. Hofu ya kuvamiwa kijijini usiku na askari, iliyobebwa miongo sita, ilikosa jina la Kilatini. Hapa Pwani lango hilo lingekuwa jembamba zaidi. Madaktari wa akili ni wachache, wengi wao wako Nairobi, na ripoti moja inagharimu fedha ambazo aliyefiwa na mlezi hana. Na watu wetu wengi huenda kwa shekhe, kwa mganga au kwa shangazi kabla ya kufikiria hospitali, kwa hiyo karatasi haipo hata pale ugonjwa ulipo. Ushahidi wa jirani aliyeishi ukuta mmoja na mfiwa kwa miaka ishirini unastahili uzito wake mwenyewe, na si wa kiraka tu pale ripoti inapokosekana.

Je, haitakuwa rahisi kudanganya? Itakuwa rahisi kama kipimo ni machozi ya siku ya ushahidi. Mtu anaweza kulia kizimbani kwa saa moja; ni vigumu kuacha biashara yake, kuhama chumba alicholala miaka kumi na kujitenga na arusi za jamaa zake kwa miaka miwili ili apate shilingi ambazo hajui kama zitakuja. Mahakama hupambana na uongo kila siku katika kesi za maumivu ya mgongo, ambayo nayo mara nyingi hayaonekani kwenye picha ya eksirei, na hakuna aliyependekeza migongo iondolewe katika sheria. Kuhusu usahihi, nadhani tumeiweka hoja mahali pasipo pake. Zamani sokoni nafaka iliuzwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Kibaba hakikuhesabu chembe za mchele. Haki yake ilikuwa katika kutumika kilekile kwa mjane na kwa tajiri, mbele ya watu, na anayejaza akijulikana akizidisha au akipunja. Tunachokosa katika fidia ya moyo ni chombo hicho kimoja kilicho wazi, na kukosekana kwa usahihi wa chembe hakujawahi kuwa sababu ya kufunga soko.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la dini na la aibu. Muumini husubiri na hukubali kadari. Na wapo wazee wa Mji wa Kale ambao kudai pesa kwa huzuni ya mwana wanaona ni kuuza maiti. Hisia hiyo isidharauliwe, maana inalinda kitu chema. Lakini fikihi yenyewe haikuona mgongano kati ya subira na fidia. Diya, yaani fidia ya damu, hukabidhiwa jamaa za aliyeuawa kwa bahati mbaya, nao wana hiari ya kusamehe; hiari hiyo haina maana pasipo haki ya kupokea. Kwa majeraha yasiyo na kiwango maalumu, wanazuoni walimwachia kadhi makadirio ya uadilifu, yaani walimwamini mtu kupima kisichokuwa na bei. Ni kweli kwamba katika dhara la hisia peke yake wamehitilafiana. Baraza la Fikihi la Kimataifa la Jeddah, likizungumzia masharti ya fidia katika mikataba mwaka 2000, lilifunga fidia kwenye hasara halisi ya mali na kuliacha nje dhara la kimaanawi. Kwa upande mwingine, sheria ya kiraia ya Jordan ya 1976 na ile ya Falme za Kiarabu ya 1985, zote mbili zilizotungwa kwa kuegemea fikihi, ziliitambua fidia ya dhara hilo, ikiwemo ya mume, mke na jamaa wa karibu wa aliyekufa. Mjadala uko hai ndani ya nyumba, wala hauhitaji kuamuliwa na Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba, kifungu cha 170, imeiwekea mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Juu ya yote kuna ubani. Hakuna mtu wa Pwani anayeona ubani ni bei ya marehemu. Ni namna ya kusema kwa mkono: msiba huu nimeuona, na mzigo wake nimeushika upande mmoja. Fidia ya kihoro ni ubani unaodaiwa kwa aliyeuleta msiba, mtu pekee ambaye kwa kawaida hafiki matangani. Tofauti ni moja: ubani hufuata uwezo na ukaribu wa mtoaji, na huu wa mahakama hauna budi kufuata dhara la mpokeaji.

Kampuni za bima zitasema gharama itapanda na nauli za matatu nazo zitapanda. Hoja hii haihitaji maneno mengi. Sura 405 tayari inaiwekea kampuni ya bima ya gari kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai moja. Fidia maalumu ya msiba, yenye kiasi kinachojulikana mapema, ni rahisi kuikadiria katika malipo ya bima kuliko tarakimu zinazotokea ghafla mwishoni mwa hukumu.

Hatari ya kweli iko upande wa pili: kwamba tutaandika jedwali kisha tumsahau mtu. Mfano wake tunao kutoka kwenye bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 213. Familia za wafanyakazi wa ubalozi, Wakenya wakiwemo, ziliishtaki Sudan mjini Washington. Jaji John Bates alitumia viwango ambavyo mahakama za huko zilikuwa zimevizoea katika kesi za ugaidi: dola milioni 8 kwa mume au mke wa aliyekufa, milioni 5 kwa mzazi au mtoto, milioni 2.5 kwa ndugu. Tazama muundo wake: ni ngazi za ukaribu, karibu na zile za eda na matanga. Na mwaka 2018 mahakama ya rufani ya Wilaya ya Columbia ilijibu kwamba jamaa hahitaji kuwa alikuwapo mlipuko ukitokea, sharti lilelile linalomfungia nje mfiwa wa Likoni. Lakini jedwali la ukoo peke yake halioni kwamba shangazi ndiye aliyemlea marehemu, jambo la kawaida mno kwetu. Tena mlango wake uliwapokea waliohusiana na ajira ya Marekani. Aliyefiwa na mpita njia au mwanafunzi aliyekuwa katika jengo la Ufundi lililoporomoka kando hakuwa na pa kuingilia. Suluhu ya dola milioni 335 ilipofikiwa na Sudan mwaka 2020, wafanyakazi Wakenya walipangiwa sehemu ndogo sana ikilinganishwa na raia wa Marekani. Kihoro kilipimwa, kisha kikagawanywa kwa pasipoti.

Ninachokiona kinafaa Kenya kina sehemu mbili, na Bunge linaweza kukianza kwa marekebisho mafupi ya Sura 32. Kwanza, kiasi kimoja maalumu cha msiba kwa kila kifo cha uzembe, sawa kwa mtoto wa Kibokoni na mtoto wa Nyali, kisichohitaji daktari wala risiti, kinachokwenda kwa jamaa wa karibu akiwemo mlezi halisi. Pili, kwa aliyevurugikiwa na maisha kupita msiba wa kawaida, viwango vya ngazi vinavyochapishwa na Idara ya Mahakama na kurekebishwa kila baada ya miaka michache. Uingereza imekuwa na mwongozo kama huo tangu 1992, unaopanga dhara la akili kwa kuuliza mtu anamudu vipi kazi, elimu na mahusiano yake, na kama matibabu yatamsaidia. Katika ubaguzi kazini, mahakama yao ya rufani iliweka mwaka 2002 mikanda mitatu ya dhara la hisia, kutoka pauni 500 hadi 25,000. Sharti la hakimu kueleza kwa nini ametoka nje ya mkanda ndilo hasa ninalolitaka hapa, kuliko tarakimu zenyewe.

Swali la kipimo halisubiri Bunge. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa bara wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi katika hewa na maji kuanzia 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014, na mwanaharakati Phyllis Omido akaongoza mapambano dhidi yake. Tarehe 16 Julai 2020 Jaji Anne Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, aliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Wakazi ni takriban 3,000. Ukigawa sawa kwa sawa, kila mmoja anapata kama shilingi 433,000: aliyezika mtoto, aliyeharibikiwa mimba, na aliyeishi kwa hofu kila alipompa mwanawe maji ya kunywa. Kugawa sawa ni haraka, na kunaonekana ni haki, mpaka umweke mama wa kwanza karibu na jirani aliyehamia kiwanda kikiwa karibu kufungwa. Ni nani aliyekufa au kuugua nyumbani kwako, uliishi hapo miaka mingapi, ni kazi gani uliyoiacha, nani alikuuguza au ulimuuguza nani, na jirani gani anaweza kusema hayo mbele yako: maswali hayo yanaenea katika ukurasa mmoja, na majibu ya kaya zote yanaweza kupangwa katika ngazi nne kabla ya hundi ya kwanza kuandikwa.